Spea za Bei Nafuu Hutafutwa kwa Mikromita

Ukishashusha injini na kuifungua nyumbani, meza ikajaa vipande, jambo la kwanza linalokujia ni kuulizia bei ya seti nzima: pistoni, ringi, beringi, gasketi, sili na pampu, vyote kwenye boksi moja. Inaonekana ni busara, maana umeshaifungua, kwa nini usibadilishe kila kitu? Mimi naamini hapo ndipo pesa nyingi za mafundi wa nyumbani zinapopotelea. Kwa mtu anayefunga injini yake mwenyewe, unafuu hauanzi dukani. Unaanza pale mezani, kabla hajampigia simu muuzaji yeyote.

Nalisema hili kwa sababu liliniuma. Injini ya kwanza niliyoifungua ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu kila asubuhi. Mtu mmoja alinihakikishia kwamba injini za umri ule huwa zimekwisha, silinda lazima zichongwe na krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, lazima isagwe. Nikanunua pistoni za ovasaizi 0.50 mm, yaani zinazozidi saizi ya kiwandani kwa kiasi hicho, na beringi za 0.25 mm, za krenki iliyosagwa kwa kiasi hicho, kisha nikabeba bloku na krenki hadi kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Mzee wa pale aliingiza geji yake kwenye silinda juu, katikati na chini, kila mahali akipima kwa urefu na kwa upana wa bloku, akawa anaandika kwa chaki. Akapima na shingo za krenki, zile sehemu za mviringo zinazokaa kwenye beringi. Alipomaliza akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, hizi umenunulia injini nyingine." Silinda zote zilikuwa bado ndani ya kipimo cha kiwandani. Krenki haikuhitaji kuguswa. Zilizokufa zilikuwa ringi za oili, pamoja na sili za valvu, ambazo zilikuwa zimekauka zikawa ngumu kama plastiki. Duka lilikataa kupokea mzigo wangu kwa sababu maboksi yalikuwa yameshafunguliwa.

Tangu siku ile sinunui kitu ambacho sijakipima.

Vipimo hivi si siri ya wasomi. Mikromita ya kawaida, kifaa cha mkononi cha kupimia unene, inasoma hadi sehemu ya 0.01 ya milimita, na kwa kazi hii inatosha. Shingo ya krenki yenye kipenyo cha milimita 50 huwa inaachiwa nafasi ya oili ya karibu 0.05 mm kati yake na beringi. Ikizidi sana, presha ya oili inashuka, na ikipungua sana, beringi inaungua. Ringi ya pistoni ndani ya silinda ya milimita 80 huwa inaachiwa mwanya wa karibu 0.3 mm kwenye ncha zake. Hesabu kamili ya injini yako iko kwenye kitabu chake cha matengenezo, na kitabu hicho kitafute kabla ya spea yoyote. Kama huna mikromita, azima au lipia kupimiwa karakana. Kuna pia uzi mwembamba wa plastiki unaoitwa Plastigage: unaulaza juu ya shingo ya krenki, unakaza kifuniko kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni bila kuzungusha krenki, unafungua, halafu unalinganisha upana wa uzi uliopondeka na alama za kwenye pakiti yake. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na seti ya beringi zisizokaa.

Kuna mpangilio wa kununua ambao watu wengi wanaugeuza kichwa chini miguu juu. Silinda zikihitaji kuchongwa, pistoni zinunuliwe kwanza, kwa sababu fundi mzuri anachonga kila silinda kwa kufuata pistoni iliyo mkononi mwake. Lakini kwa krenki ni kinyume: isagwe kwanza, ijulikane imefikia saizi gani, ndipo ununue beringi. Ukikosea mpangilio huu utanunua mara mbili.

Jambo la pili linalopunguza gharama ni kuijua injini yako kwa namba, siyo kwa jina la gari. Muuzaji akikuuliza gari gani nawe ukamtajia jina na mwaka tu, mnacheza bahati nasibu. Gari la jina lilelile na mwaka uleule linaweza kuwa limefungwa injini tatu tofauti, na huko nyuma huenda mwenye gari aliibadilisha. Chukua mfano wa Toyota: injini za 4A-FE na 7A-FE zote zina silinda yenye kipenyo cha milimita 81, lakini mwendo wa pistoni kwenye 4A-FE ni milimita 77 na kwenye 7A-FE ni 85.5. Mtu anayetazama kipenyo peke yake atadhani pistoni zinaingiliana. Kwa hiyo safisha bloku kwa brashi, soma herufi na namba zilizogongwa pale, zipige picha. Kisha tafuta namba ya spea yenyewe kwenye katalogi ya mtengenezaji. Ukishakuwa na namba hiyo, unaweza kuulizia kwa muuzaji yeyote popote alipo, hata yule asiyejua gari lako linafananaje. Utagundua pia kwamba spea ileile inatumika kwenye magari mengine matatu au manne, na labda mojawapo ndilo ambalo spea zake zimejaa sokoni. Namba ya zamani nayo huwa inarithiwa na namba mpya, kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa haitengenezwi tena. Uliza imerithiwa na ipi.

Halafu kuna suala la boksi. Kampuni nyingi za magari hazitengenezi zenyewe kila kilichomo kwenye injini. Pistoni zinaweza kuwa za Mahle, ringi za NPR, beringi za Taiho, gasketi za Elring au Victor Reinz, pampu ya maji ya Aisin. Kitu kinachotoka kwa mtengenezaji huyohuyo kinaweza kuuzwa kwenye boksi la kampuni ya gari kwa bei ya juu, na kwenye boksi la mtengenezaji kwa bei ya chini. Ninapofungua injini huwa nasafisha kila kipande kilichotoka na kutafuta alama ya aliyekitengeneza. Alama hiyo ndogo imeniokolea pesa nyingi kuliko kubembeleza bei.

Sasa nije kwenye mtumba, ambako ndiko kwenye unafuu mkubwa na hatari kubwa. Kununua krenki peke yake, hedi (kichwa cha injini chenye valvu) peke yake na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) peke yake mara nyingi kunagharimu kuliko kununua injini nzima iliyokufa. Ila ukienda kununua injini iliyokufa, uliza swali ambalo ungeuliza msibani: marehemu alikufa na nini? Injini iliyochemsha, hedi yake siiamini. Aluminiamu iliyopata joto kupita kiasi hupinda, wakati mwingine hupasuka katikati ya valvu, na hata ugumu wake hupungua. Lakini krenki yake inaweza kuwa nzima kabisa. Injini iliyokatika mkanda wa taimingi huenda imepinda valvu na kugonga vichwa vya pistoni, ilhali bloku na krenki havina neno. Injini iliyonoki kwa kukosa oili ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu watu hudhani hedi yake imesalimika. Kwenye injini nyingi za kisasa kamshafti, shafti inayofungua valvu, inazunguka moja kwa moja juu ya aluminiamu ya hedi, bila beringi za kubadilisha. Oili ikikosekana chini, na kule juu imekosekana.

Krenki ya mtumba ninaining'iniza na kuigonga taratibu kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele. Iliyopasuka sauti yake hufa upesi. Kipimo hiki ni cha kuanzia tu, karakana yenye vifaa vya sumaku itathibitisha. Hedi naipitishia rula ya chuma iliyonyooka kabisa na kuchungulia nafasi kwa vile visu vyembamba vya kupimia. Konrodi sikubali kuzinunua kama vifuniko vyake vimechanganywa, maana kila kifuniko kilichongwa pamoja na konrodi yake na hakina mwenzi mwingine. Kamshafti ya injini zenye tapeti bapa (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) ninaitaka pamoja na tapeti zake, zikiwa zimepangwa kwa mfuatano zilivyotoka, au siitaki.

Kifuniko cha valvu, sampu (bakuli la oili la chini), mabano na bomba la hewa nanunua mtumba bila kufikiri mara mbili.

Upande wa pili viko vitu ambavyo hata nikipewa bure vikiwa vimetumika sivifungi: beringi, gasketi ya hedi, sili zote, mkanda wa taimingi, na bolti za hedi za aina inayokazwa kwa nyuzi (digrii) za mzunguko baada ya kukazwa kwa nguvu maalumu. Bolti za namna hiyo huvutika zinapokazwa, na nyingi zimetengenezwa zitumike mara moja. Pampu ya oili naikagua kwa vipimo. Nikiitilia shaka nanunua mpya. Hapa mtu asihesabu bei ya dukani peke yake. Gasketi ya hedi ikivuja utarudia wikiendi nzima ya kazi, utamwaga oili mpya na maji, na utanunua gasketi nyingine. Gasketi za tabaka za chuma zinataka uso laini sana wa hedi na bloku, kwa hiyo ukiona hedi imekwaruzwa, pesa ya kuisawazisha ni sehemu ya bei ya gasketi.

Feki nazo zimezagaa, na zinalenga vitu hivihivi visivyotaka mzaha. Beringi halali huwa na alama safi mgongoni, STD (saizi ya kiwandani) au saizi yake. Pistoni za seti moja napenda kuzipima kwenye mizani. Zikitofautiana kwa gramu nyingi nazirudisha. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijachana karatasi yoyote, naweka spea mpya kando ya ya zamani na kulinganisha urefu, unene na matundu. Na sili za mpira zilizokaa rafuni miaka mingi zisikuvutie kwa punguzo la bei. Mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi.

Mtu anayefunga injini nyumbani ana kitu kimoja ambacho gereji haina: hakuna mteja anayemsubiri. Anaweza kungoja mwezi mmoja ringi sahihi zipatikane kwa bei nzuri. Lakini kusubiri kuna kazi yake. Silinda tupu hushika kutu haraka, kwa hiyo zipake oili, funika bloku kwa plastiki, weka kila kundi la bolti kwenye mfuko wake na uandike zimetoka wapi. Nimeona mtu akibana matumizi miezi miwili kwenye spea, kisha kutu ikamlazimisha kuchonga silinda ambazo zilikuwa nzima.

Zile pistoni za 0.50 mm bado ninazo, zimefungwa kwenye karatasi yenye oili. Injini ile ilirudishwa na pistoni zake za zamani baada ya mzee kupima mifereji ya ringi na kuridhika. Alinikwaruzia silinda kidogo ili ringi mpya za saizi ya kiwandani zishike, nikaweka sili mpya za valvu, beringi za STD na gasketi. Moshi wa bluu ukaisha.