Ploti ya penseli na ARPA: afisa wa zamu aanzie wapi?

Kila mtaala wa maafisa wa meli unapofanyiwa marekebisho, zoezi linalotajwa mapema kwamba lipunguzwe au liondolewe kabisa ni ploti ya rada kwa mkono. Kadeti hupewa karatasi yenye miduara, penseli, divaida na rula sambamba. Husoma kwenye rada pembe na umbali wa meli nyingine kila baada ya dakika chache, huweka nukta, kisha huchora pembetatu inayomwonyesha meli ile inaelekea wapi, kwa kasi gani, na itapita karibu naye kiasi gani. Kazi hiyo ARPA, kompyuta ya rada inayofuatilia meli nyingine, huifanya yenyewe, kwa meli nyingi kwa mpigo, bila kuchoka. Kwa nini basi kijana akalishwe siku nzima na penseli?

Anayeuliza hivyo anastahili jibu la maana, kwa sababu hoja zake si za uvivu. Kwanza, muda uko upande wake. Ploti ya kuaminika inataka angalau nukta tatu. Kwa vipindi vya dakika 6 hizo ni dakika 12 za kusubiri, na mchoraji ameinamia meza huku dirisha likiwa halina macho. Kwenye mlango-bahari wenye meli ishirini katika skrini, hakuna mkono utakaozifuata zote. Pili, vifaa havimwachi afisa mikono mitupu kirahisi: meli ya tani 3,000 za ujazo na zaidi hubeba rada mbili, kila moja na mfumo wake wa kufuatilia meli nyingine, na AIS, mfumo wa meli kujitambulisha kwa redio, ipo pembeni. Tatu, afisa anayehusika na mgongano mara nyingi alikuwa na kifaa kizima mbele yake, akakitumia vibaya au hakukitazama kabisa. Saa za darasa zina kikomo, na saa inayokwenda kwenye penseli haiendi kwenye mipangilio ya ARPA.

Hata sheria haimlazimishi afisa kuchora. Kanuni ya 7 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 inataka ploti ya rada au uangalizi mwingine wa utaratibu unaolingana nayo, na ARPA inatosha kabisa kuwa huo uangalizi mwingine.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ndiyo inayobadilika sura ukiikagua kwa karibu. Kuitumia ARPA vibaya ni kufanya nini hasa? Tuchukue hali moja tuichore.

Meli yetu inaelekea 000, kaskazini kamili, kwa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Saa 0900 mwangwi wa meli nyingine, yaani alama yake kwenye rada, uko pembe 045, umbali wa maili 10 za baharini. Saa 0912 uko pembe ile ile 045, maili 7. Nukta ya kwanza tunaiita O, ya pili A. Mstari wa OA ukiendelezwa unapita katikati ya karatasi, yaani hapo tulipo sisi. Kwa dakika 12 mwangwi umekula maili 3, kwa hiyo tunakaribiana kwa noti 15, na maili 7 zilizobaki zitakwisha kwa dakika 28. Saa 0940 tunagongana. Tazama vizuri: mpaka hapo kasi ya meli yetu haijatumika popote. Pembe, umbali na saa vimetosha.

Sasa pembetatu. Kutoka O tunarudi kusini maili 2.4, umbali tuliokwenda kwa dakika 12, tunaweka W. Mstari wa kutoka W hadi A ndio mwendo halisi wa meli ile: uelekeo kama 277, kasi karibu noti 10.7. Inakwenda magharibi, inatukatia njia kutoka kulia, na inatuonyesha ubavu wake wa kushoto. Tukiwa tunaonana kwa macho, sisi ndio wa kupisha.

Hali hiyo hiyo sasa tuitazame kwenye ARPA iliyowekwa kwenye vekta za mwendo halisi, yaani mistari inayoonyesha uelekeo na kasi ya kweli ya kila meli. Kutoka kwenye mwangwi unatoka mstari unaoelekea magharibi, na ukiurefusha unakata njia yetu maili 5.6 mbele ya omo, pua ya meli yetu. Jicho lililochoka usiku wa manane linaona maili tano na ushei za nafasi na kuridhika. Nafasi hiyo haipo, kwa sababu baada ya dakika 28 sisi nasi tutakuwa tumekwenda maili 5.6, na pale pale ndipo tutakapokutana. Mipangilio ikibadilishwa kwenda mwendo linganishi, yaani mwendo kama unavyoonekana kutoka kwetu, vekta ile ile inageuka na kutulenga sisi kifuani. Hakuna kilichoharibika kwenye kifaa. Afisa amesoma WA akidhani ni OA. Aliyewahi kuichora pembetatu hata mara kumi anajua kwamba hiyo ni mistari miwili tofauti inayojibu maswali mawili tofauti. Aliyefundishwa kwamba kuna kitufe cha kubadilisha vekta anajua kwamba kuna kitufe.

Kuna kosa lililofichika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalotosha peke yake kuitetea penseli. Tuseme logi, kipimo cha kasi ya meli yetu, imeharibika kidogo: inasoma noti 15, ilhali meli inakwenda 12. ARPA inarudi kutoka O maili 3.0 badala ya 2.4, na W inahama. OA haiguswi. Umbali wa karibu kabisa wa kupishana, yaani CPA, unabaki sifuri, na muda wa kufika hapo unabaki dakika 28. Hivyo vyote ni sahihi. Lakini uelekeo wa meli ile sasa unasomeka 292 badala ya 277, tofauti ya digrii 15, na kasi yake noti 11.5.

Afisa anaona CPA ni sifuri, anaamua kupisha, na amri za nahodha zinasema asipite karibu kuliko maili 2. Anabonyeza jaribio la kugeuka: saa 0915, digrii 30 kulia. ARPA inamjibu kwamba atapita kwa maili 2.1. Anageuka, moyo umetulia. Ukifanya hesabu kwa kasi ya kweli ya noti 12, kugeuka huko kunampa maili 1.8. Ametoka nje ya amri za nahodha bila kengele yoyote kulia, na skrini imempongeza. Kosa likiwa kubwa kuliko hilo, au meli za kupisha zikiwa mbili, pengo linapanuka. Kadeti aliyechora anajua ni upande gani wa pembetatu unaotegemea logi na upande gani hauitegemei, kwa hiyo anajua ni namba zipi za kushuku. Asiyechora huamini zote au huzishuku zote kwa pamoja.

Ndiyo maana pia logi inayolisha rada inatakiwa kupima kasi ndani ya maji. Ukiilisha kasi ya GPS mahali penye mkondo mkali, vekta halisi zinaonyesha mwendo wa meli juu ya ardhi, wakati taa na ubavu utakaouona dirishani vinafuata mahali omo ya meli ile ilikoelekea majini. AIS nayo huleta mwendo wa juu ya ardhi. Afisa akiona namba za ARPA na AIS hazilingani, swali la kwanza ni kila moja imepimwa dhidi ya nini.

Kuna pia suala la umri wa habari. Viwango vya utendaji vya rada vilivyopitishwa na IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, mwaka 2004 vinaipa ARPA dakika 1 kuonyesha dalili ya mwendo na dakika 3 kutoa utabiri kamili. Hata baada ya hizo dakika 3, kosa la CPA linaloruhusiwa ni maili 0.3. Ukisoma 0.4 kwenye skrini, ukweli unaweza kuwa 0.1. Meli nyingine ikigeuka ghafla, vekta yake huendelea kuonyesha njia ya zamani mpaka kompyuta ijiridhishe, na kwa noti 15 za kukaribiana dakika 3 ni robo tatu ya maili. Miangwi miwili ikipishana kwa karibu, alama ya ufuatiliaji inaweza kuruka kutoka mmoja hadi mwingine, na vekta ikabaki imenyooka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye ploti ya karatasi hasahau kwamba mstari wake ni historia, kwa sababu ameiandika saa pembeni ya kila nukta kwa mkono wake.

Watetezi wa penseli hupenda kuitaja Andrea Doria, na wana sababu. Usiku wa 25 Julai 1956, karibu na Nantucket, meli hiyo ya abiria ya Italia na Stockholm ya Uswidi zilionana kwenye rada mapema, zikiwa zinakaribiana kwa karibu noti 40. Zikagongana, watu 51 walikufa. Kwenye Andrea Doria ploti haikuchorwa, na nahodha aligeuza digrii 4 kushoto ili kupanua nafasi. Digrii 4 kwa noti 22 zinaisogeza meli kando kwa noti 1.5 tu. Ukizilinganisha na noti 40 za kukaribiana, mstari wa OA unazunguka digrii 2 hivi, na kwa umbali wa maili 4 hiyo ni chini ya mita 300. Kwenye karatasi badiliko hilo linapotea ndani ya unene wa penseli, na anayelichora analiona kuwa si kitu. Kanuni ya 8 inayotaka badiliko kubwa linaloonekana wazi, na Kanuni ya 19 inayokataza kumgeukia kushoto aliye mbele yako ndani ya ukungu isipokuwa unampita, zinaeleweka mara moja ukishachora hivyo.

Lakini mfano huo haukai upande mmoja. Kwenye Stockholm afisa wa zamu alichora. Uchambuzi wa baadaye unaona huenda alikosea kipimo cha umbali cha rada, akadhani meli ile iko mbali kuliko ilivyokuwa. Ukiingiza umbali usio sahihi, pembetatu inatoka safi na ya uongo. Hilo ni la kukubaliwa waziwazi na kila anayeifundisha ploti kama dawa ya kila ugonjwa.

Na kuna la kukubali zaidi. Namna zoezi hili linavyofundishwa mahali pengi inawapa wapinzani wake silaha. Kadeti anapewa namba zilizokwisha kuchapwa, anachora karatasi moja baada ya nyingine, anapimwa kwa usahihi wa nusu digrii, na haoni rada hata mara moja. Hiyo ni jiometri. Ipunguzwe bila huruma. Kuifuta ploti yenyewe ni jambo jingine: Jedwali A-II/1 la STCW, kanuni za kimataifa za mafunzo ya mabaharia, bado linadai mbinu za ploti na uelewa wa mwendo halisi na mwendo linganishi, na linadai pamoja na ARPA, si badala yake.

Saa zile zile zingezaa zaidi zikihamishiwa kwenye simuleta. ARPA ifunikwe. Kadeti achague mwangwi mmoja ulio hatari, asome pembe na umbali kila dakika 3, ambapo umbali wa meli yake ni kasi igawanywe kwa 20, hivyo noti 12 ni maili 0.6. Asimame, atazame dirishani, arudi kwenye nukta. Baada ya nukta ya tatu aandike CPA, muda wake, uelekeo na kasi ya meli ile. Ndipo ARPA ifunuliwe alinganishe. Zoezi zima ni dakika kumi.

Kisha mkufunzi, bila kusema neno, abadilishe logi isome 15. Baada ya dakika chache uelekeo wa meli nyingine utahama kwenye skrini na CPA itabaki pale pale. Kadeti anayesema "meli ile imegeuka" arudishwe kwenye karatasi. Anayesema "ingegeuka, OA ingepinda, nayo haijapinda", halafu mkono wake ukaenda kwenye logi, huyo akabidhiwe zamu.