Mchango wa Vitendanishi

Jumanne iliyopita nilijumuishwa katika kundi la WhatsApp la kuchanga pesa, na kama ilivyo kawaida ya makundi hayo, nilidhani kuna msiba, au kuna mgonjwa ambaye hospitali imekataa kumruhusu aondoke mpaka bili ilipwe. Haikuwa hivyo. Ujumbe wa mweka hazina ulieleza kwamba binti wa jirani yetu wa zamani kule Kayole, Nairobi, anayesomea shahada ya uzamili ya biolojia, amekwama katika utafiti wake wa mbu kwa kukosa pesa za vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vya kutoa DNA na za kulipa maabara itakayosoma mfuatano wa DNA hiyo, na kwamba zinahitajika shilingi 142,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Chini yake palikuwa na nambari ya M-Pesa na orodha iliyokuwa imeanza kujaa: 500, 1,000, 200.

Mchango ulionigusa zaidi ni wa mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na steji, ambaye sote tuliokulia mtaa ule tunamfahamu. Alituma shilingi 300 na kuandika, "Mwanangu, hiyo kazi ya mbu mimi siielewi, lakini nimekuona ukihangaika nayo. Mungu akuwezeshe umalize." Binti akamjibu, "Asante sana, mama. Nikimaliza nitakuja nikueleze nilichopata." Nilisoma maneno hayo mara kadhaa, na tangu siku hiyo sijatulia. Naona aibu, wala si kwa ajili ya binti huyo, bali kwa ajili ya nchi inayomwachia muuza mboga jukumu la kugharamia sayansi yake.

Kazi yenyewe si jambo la anasa. Mwaka 2022 watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walimgundua mbu aitwaye Anopheles stephensi huko Marsabit. Ni mbu anayeeneza malaria, wa asili ya Asia, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na ambaye tangu hapo amekuwa akienea katika Pembe ya Afrika. Mbu wengi wa malaria tuliowazoea huzaliana katika madimbwi ya mashambani, lakini huyu hustawi vizuri mjini, katika matangi, mapipa na mitungi ya maji. Sasa fikiria jiji ambalo maji ya mfereji huja kwa zamu, na ambalo karibu kila nyumba katika mitaa ya Eastlands ina mitungi ya lita 20 iliyopangwa nyuma ya mlango au kwenye baraza. Binti huyu hakudai kwamba mbu huyo ameshafika Nairobi. Anauliza tu ni mbu gani wanaozaliana katika mitungi yetu, na kwa ajili hiyo amepanda ngazi za majengo ya ghorofa tano na sita, akawaomba wenye nyumba ruhusa, akachota viluwiluwi kwa bakuli na kuvihifadhi katika vichupa, kila kichupa na kibandiko chake. Kuvitambua kwa kuvitazama kwenye hadubini kunaweza kumpotosha hata mtaalamu, na ndiyo maana anahitaji DNA.

Tatizo ni kwamba vitendanishi hivyo huagizwa kutoka nje na bei yake hufuata dola. Alipoandika bajeti ya pendekezo lake mwanzoni mwa 2023, dola moja ilikuwa chini ya shilingi 125. Januari 2024, alipokuwa tayari kununua, ilikuwa imepita 160. Hakuna mtu chuoni aliyekuwa na wajibu wa kulijaza pengo hilo, kwa sababu tangu mwanzo bajeti ile ilikuwa mzigo wake peke yake.

Hapo ndipo penye hoja yangu, na naomba nieleweke vizuri. Watu wengi wakisikia kilio cha aina hii hudhani tunalalamikia ugumu wa maisha ya mwanafunzi, kana kwamba suala lote ni huruma. Ugumu upo, na anayeubeba anastahili huruma, lakini hasara kubwa zaidi inatupata sisi wengine. Pale ambapo mwanafunzi ndiye anayelipia utafiti, mfuko wake ndio unaochagua swali la utafiti. Yule aliyetaka kuchunguza usugu wa bakteria kwa dawa huishia kugawa hojaji kuhusu maoni ya watu juu ya dawa, kwa sababu karatasi ni rahisi kuliko vitendanishi. Yule aliyepanga kuchukua sampuli majira ya mvua na ya kiangazi huchukua za majira mamoja. Mwingine hutafuta msimamizi mwenye mradi wa wafadhili wa nje na kupokea swali lililokwisha kuamuliwa kwingine, ambalo pengine ni zuri, ila si lile lililomkosesha usingizi. Baada ya miaka mingi ya mwenendo huo, nchi huwa na rafu nzima za tasnifu zinazojibu yale tuliyomudu kuuliza, huku yale tuliyohitaji kujua yakibaki vilevile.

Nasema hivyo nikiwa shahidi. Utafiti wangu wa uzamili ulihusu wadudu wa majini katika Mto Nairobi, kuanzia upande wa Kikuyu, ambako mto huo unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, hadi Dandora. Kule juu ningegeuza jiwe na kuona tunutu wa Efemeroptera, wadudu wachanga wanaopenda maji safi, wakikimbilia upande wenye kivuli, miili yao bapa imelala juu ya jiwe kama alama za kalamu. Gikomba, wavu uleule ulitoka na tope jeusi lililojaa vibuu vya kironomidi, visubi wasiouma, vyekundu kwa himoglobini inayoviwezesha kuishi mahali ambapo oksijeni imekaribia kwisha. Mto ule ulikuwa ukieleza hali yake waziwazi kwa yeyote mwenye subira ya kuhesabu. Nilikuwa nimepanga vituo kumi na viwili. Nilimaliza na vinne.

Kila anayehifadhi wadudu wa majini anajua kwamba ethanoli ya kwanza hupunguzwa nguvu na maji yaliyomo katika sampuli, hivyo haina budi kubadilishwa baada ya siku moja hivi. Ghala la idara yetu lilikaa muhula mzima bila ethanoli, nami nilikuwa nimetumia akiba yangu kununua ile ya kwanza. Nilisubiri mshahara wa kufundisha vijana wa sekondari jioni, na niliporudi na chupa mpya wiki tatu baadaye, nilifungua kifuniko cha sampuli ya kwanza na harufu ikanieleza kabla ya macho. Miguu ilikuwa imeachana na viwiliwili, na matamvua ambayo ndiyo tunayotumia kutambua jamii yalikuwa yameyeyuka na kuwa utelezi chini ya chupa. Chupa thelathini na moja zilikwenda hivyo. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini aliniuliza kwa nini vituo ni vinne pekee, nikajibu kama nilivyokuwa nimeandika katika sehemu ya vikwazo, kwamba ni kutokana na ufinyu wa muda. Muda nilikuwa nao. Nilikosa pesa, na nikaona haya kuliandika neno hilo katika kitabu cha kisayansi. Ninaamini tasnifu nyingi katika maktaba zetu zina sentensi hiyohiyo, na natamani tuache kuiandika.

Sheria ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, ileile iliyounda NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ambayo kila mtafiti huiendea kuomba leseni ya utafiti, ilianzisha pia Hazina ya Taifa ya Utafiti na kusema kwamba hazina hiyo itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa hata mara moja. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hazina hiyo imewahi kuwafadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na kwamba wanaobahatika kupokelewa katika taasisi za kimataifa za utafiti, ICIPE ya wadudu kule Kasarani au ILRI ya mifugo kule Kabete, hupata maabara ambazo hata nchi tajiri zingejivunia. Nakubali pia kwamba hospitali zetu zina mahitaji ya dharura na kwamba Wizara ya Fedha haina mti wa kuchuma noti. Lakini nafasi hizo ni chache mno kwa idadi ya wanaohitimu, na ahadi iliyoandikwa katika sheria haipaswi kutegemea bahati ya mtu.

Kuhusu wasimamizi wanaokaa na sura moja ya tasnifu miezi minane, nitaandika siku nyingine. Na kwa wale wanaouliza uzamili wa biolojia utampa mtu kazi gani, nitawakumbusha tu juu ya Wangari Maathai, aliyeupata uzamili wake wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966 kwa ufadhili wa masomo. Aliporudi nyumbani na kuwa mtafiti, alikwenda mashambani kukusanya kupe ili kuchunguza ndigana inayoua ng'ombe, na akiwa huko akaona mito iliyogeuka matope baada ya mvua na mifugo iliyokonda kwa kukosa malisho. Hakuwa ametumwa kuangalia mito, ila aliiona kwa sababu alikuwa amefika pale, macho yake yamefunzwa kutazama. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti.

Hadi ninapoandika, mchango umefika shilingi 58,300. Jana jioni binti alinipigia simu. Aliniambia kwamba ameongea na maabara, na kwa pesa zilizopo wanaweza kumsomea sampuli arobaini kati ya tisini na sita. "Mwalimu," alisema, "nisaidie kuchagua. Kila nikishika kichupa namkumbuka mwenye nyumba aliyenifungulia mlango." Nilimwuliza kama vibandiko vyote bado vinasomeka, akaanza kunisomea kimoja kimoja: mtungi 7, baraza, ghorofa ya pili, pipa 12, juu ya paa, mtungi 31, nyuma ya mlango, mtoto ana homa. Tumekubaliana kukutana Jumamosi saa nne asubuhi, tuvipange vyote mezani na kuamua ni vipi hamsini na sita ambavyo havitafunguliwa.