Aliyemlipa wakili anajua nini hasa kuhusu wakili huyo?

Muulize mtu aliyewahi kuweka wakili, iwe kwa kesi ya jinai au ya talaka, yalimkuta nini. Mara nyingi hataanza na sheria, ataanza na simu. Alipiga haikupokelewa, akatuma ujumbe haukujibiwa, akafika ofisini akaambiwa wakili yuko mahakamani. Siku ya kesi wakili akatokea jalada likiwa karibu kuitwa, akauliza palepale mlangoni, "Hebu nikumbushe, wewe ni ile kesi ya nini?" Wapo pia wanaosimulia kinyume chake, kwamba mama mmoja wakili aliwasikiliza mpaka mwisho na kuwaeleza ukweli mchungu kabla hawajalipa hata senti.

Mawakili wengi huzichukulia simulizi hizi kama malalamiko ya watu wenye uchungu. Wanasema mteja hakusomea sheria, hivyo hana kipimo. Aliyeachiwa huru atamsifu wakili hata kama kesi ilianguka yenyewe kwa mashahidi kutofika. Aliyefungwa atamlaani hata kama alitetewa kwa ustadi mkubwa.

Hoja hiyo ina uzito. Hata majaji hupata taabu kupima kazi ya wakili. Mwaka 1984, katika kesi ya Strickland dhidi ya Washington, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mfungwa anayedai hakutetewa ipasavyo lazima aonyeshe mambo mawili: kwamba kazi ya wakili wake ilishuka chini ya kiwango kinachokubalika, na kwamba bila makosa hayo kuna uwezekano wa kweli kuwa matokeo yangekuwa mengine. Majaji wakaagizwa waanze kwa kudhani kwamba wakili alifanya kazi yake sawasawa. Ikiwa waliosomea, wenye mwenendo mzima wa kesi mezani, wanaambiwa waende taratibu kiasi hicho, mteja atapimaje?

Tena kazi nyingine nzuri ya wakili haionekani. Kuna shahidi asiyefaa kuulizwa swali hata moja, kwa sababu kila swali litampa nafasi ya kuongeza jambo baya zaidi. Wakili anayelijua hilo husema tu hana maswali na kuketi. Mteja akirudi nyumbani anasimulia, "Nimelipa pesa zote zile, mtu mwenyewe hakufungua mdomo."

Hata hivyo naona mawakili wanaharakisha mno kuufunga mjadala huu. Mteja ni shahidi dhaifu wa ubora wa hoja za kisheria, lakini ni shahidi wa kwanza wa jambo moja ambalo utetezi wote unalitegemea, yaani kama alisikilizwa.

Clarence Earl Gideon anafahamika sana. Mwaka 1961 alishitakiwa kwa kuvunja na kuingia katika ukumbi wa biliadi mjini Panama City, jimboni Florida. Aliomba apewe wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika kwa penseli ombi lake kwa Mahakama ya Juu, na Machi 1963 mahakama hiyo ikaamua kwamba mshitakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima awekewe wakili. Watu wengi huishia hapo. Mimi kinachonivutia ni kilichofuata, kesi iliporudi kusikilizwa upya. Mawakili wa shirika la haki za kiraia walitoka Miami kuja kumtetea, akawakataa. Akamtaka W. Fred Turner, wakili wa palepale mjini.

Turner alikwenda kuchunguza mambo mwenyewe. Dereva wa teksi alieleza mahakamani kwamba asubuhi ile Gideon alimwambia asimwambie mtu yeyote kuwa amembeba. Maneno hayo yakiachwa hivyohivyo ni ya mtu anayekimbia. Turner akamuuliza kama anajua sababu. Dereva akajibu kuwa Gideon alishawahi kumwambia hivyo siku za nyuma, kwa kuwa alikuwa na ugomvi na mkewe. Jopo la raia walioamua kesi hiyo lilitumia kama saa moja kumwachia huru.

Jibu la namna ile halimo katika kitabu chochote cha sheria. Linapatikana kwa kumkalisha mteja chini na kumuuliza, kisha kwenda kuwatafuta watu anaowataja. Kwa hiyo mtu anaposema wakili hakumpa nafasi ya kueleza, tusidhani analalamikia adabu tu. Huenda anatuambia kwamba ushahidi wake ulibaki kifuani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 nao, katika ibara ya 14, unamtaka mshitakiwa apewe muda wa kutosha wa kuandaa utetezi na kuwasiliana na wakili aliyemchagua. Dakika tatu kwenye korido si muda wa kutosha.

Wateja hugawanyika zaidi juu ya wakili wa karibu, yule anayeshinda katika mahakama ileile kila siku. Wanaomsifu wanasema anajua hakimu anataka nyaraka zipangweje, anajua ni mwendesha mashitaka yupi anayesikia hoja kabla ya kesi kuanza, anajua karani anayeweza kulipata jalada lililopotea. Yote hayo ni faida halisi. Wanaomwogopa wana picha moja ambayo wengi wameiona: uko kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, tumbo linakukata, na wakili wako yuko hatua chache mbele anacheka na wakili wa upande wa pili, wamepeana mikono kama ndugu. Unajiuliza wanauza nini pale.

Mara nyingi hawauzi chochote. Mawakili wanaoheshimiana hupeana nyaraka mapema, hukubaliana mambo yasiyobishaniwa, na kesi husogea. Lakini hofu ya mteja haikutoka hewani. Wakili huyo kesho atarudi palepale na kesi nyingine, na atahitaji hisani ya watu walewale. Anaweza, bila kula njama na mtu, kuanza kusukuma kila mteja akiri kosa kwa sababu kubishana kunaharibu ujirani. Kwangu, kicheko cha kwenye korido hakisemi lolote. Ningeuliza waliotangulia kama waliwahi kumwona akipinga: akiweka pingamizi, akimwambia hakimu kwa heshima kwamba hakubaliani naye, akikataa ahirisho jingine mteja wake akiwa rumande.

Kesi za familia zina mizani nyingine kabisa. Kwenye jinai kuna kuachiwa na kuna kutiwa hatiani. Kwenye talaka, malezi ya watoto na mgawanyo wa mali, pande zote mbili zinaweza kutoka zikiamini zimeshindwa, na mawakili wote wawili wakalaumiwa kwa hukumu ileile. Humu sifa za wateja zinanipa wasiwasi kuliko malalamiko yao. Mtu aliyeachwa jana anataka wakili mkali, na wakili mkali humpendeza: kila ujumbe wa mwenzake unajibiwa kwa barua nzito, kila ombi dogo linapelekwa mbele ya hakimu. Baadaye ankara inafika. Mawakili wengi wanaotoza kwa saa huigawa saa katika vipande vya dakika 6, hivyo simu ya dakika mbili ya kulalamika kwamba mtoto amerudishwa na nguo chafu inahesabiwa kama dakika 6. Na wazazi hao wataendelea kukutana mlangoni kukabidhiana mtoto miaka mingi baada ya mawakili kufunga majalada.

Siwezi kuligeuza hilo kuwa sheria ya kumchagua mpole siku zote, kwa sababu nimewasikia pia wanawake waliopigwa wakisimulia mawakili wapole waliowaambia wakae meza moja na mpigaji, wayamalize. Huo ni ushauri wa hatari. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, katika ibara ya 48, unazitaka nchi wanachama zipige marufuku usuluhishi wa lazima katika mambo ya aina hiyo. Mteja anayesema "wakili wangu alikuwa mkali sana" au "alikuwa mlegevu" hajanieleza kitu mpaka nijue alikuwa anakabiliana na nani.

Lawama nyingine hutoka kwa watu ambao wala si wateja. Ndugu wanachanga, mzazi anauza alichonacho, halafu wakili anakataa kuwaambia kijana amesema nini. Wanamwona ana dharau, kumbe ndiyo kazi yake: aliyelipa si lazima awe ndiye mteja, na siri ni ya mteja. Robert McCoy wa Louisiana alipatiwa wakili na wazazi wake. Wakili huyo, akitaka kumwokoa na adhabu ya kifo, aliliambia jopo kwamba mteja wake aliua, ilhali McCoy mwenyewe alikuwa akikana waziwazi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki ya kesi mpya. Mbinu huchaguliwa na wakili, lakini kusema nimeua au sikuua ni uamuzi wa mshitakiwa mwenyewe, hata kama wakili anaona anajiangamiza.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Wateja hulalamika kwamba wakili alichukua ada na kesi wakashindwa, na hapo ndipo ninapowatetea mawakili bila kusita. Ada inalipwa kwa kazi. Kanuni za mfano za chama cha mawakili wa Marekani zinakataza wakili kufunga ada yake na ushindi katika kesi ya jinai, au na kupatikana kwa talaka, na sababu inaeleweka: wakili anayelipwa talaka ikitoka hatafurahi wenye ndoa wakipatana. Lakini mteja aliyeahidiwa ushindi ofisini ana kila haki ya kulalamika, kwa kuwa hakuna wakili mwaminifu anayeweza kuuahidi.

Ndiyo maana ningependa kusikia zaidi habari za siku ya kwanza kuliko za siku ya hukumu. Je, wakili alitaja udhaifu wa kesi yako kabla ya kutaja ada? Mliandikiana kazi gani imo katika malipo na ipi haimo, na rufaa ni ya nani? Alisema ni nani atakayesimama mahakamani, yeye au msaidizi wake? Alikuuliza jambo ambalo hukutegemea kuulizwa? Hayo mteja yeyote anayakumbuka vizuri na hahitaji shahada ya sheria kuyaeleza. Na aliyeshindwa kesi lakini akayajibu yote kwa ndiyo, mimi ningempigia simu wakili wake.