Saa Tatu za Tezo, Saa Moja ya Mhadhara

Katika fomu ya kupendekeza kozi mpya kuna kisanduku kimoja kifupi: sifa za mwalimu atakayefundisha. Nimekaa katika kamati ya mitaala ya chuo kimoja hapa Pwani, na mapendekezo mengi niliyoyaona yakizama, yalizama hapo. Kuhusu malengo ya kozi watu huelewana, na vitabu hutafutwa. Mwalimu hatafutiki.

Chukua kozi ambayo ingeifaa Lamu kuliko mji mwingine wowote wa Kenya: uundaji na ukarabati wa vyombo vya mbao. Idara inaandika kwamba mwanafunzi ataweza kulaza mkuku ulio uti wa chombo, kupanga mataruma yaliyo mbavu zake, kuziba nyufa kwa kalafati na kupaka shahamu na chokaa. Kwenye kisanduku kile inamtaja fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu. Kamati inauliza cheti chake, maana desturi ni kwamba anayefundisha awe amesoma angalau ngazi moja juu ya wanafunzi wake. Fundi ana majahazi yaliyomo baharini. Cheti hana.

Ni rahisi kuicheka kamati hiyo. Hata mimi niliicheka kabla sijaingia.

Pendekezo la chuo kikuu hutoka idarani, likaenda bodi ya kitivo, likapanda seneti, kisha likafika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya ufundi vina njia yao: tangu sheria ya mwaka 2013, kuna baraza la kitaifa linaloshughulikia mitaala na upimaji, na mamlaka nyingine inayotoa leseni kwa vyuo. Milango yote hiyo ina sababu. Kozi mbovu ikipita, mwalimu aliyeiandika hupokea mshahara wake kama kawaida. Anayeumia ni kijana wa Faza au Kizingitini ambaye wazazi wake wamelipa karo miaka miwili, kisha akafika mlangoni kwa mwajiri na kuambiwa cheti chake hakitambuliki. Kijana huyo hayumo chumbani tunapopiga kura. Maswali yetu ya kuudhi, lile la mwalimu, lile la vifaa, lile la masomo ya kutangulia, ndiyo wakili wake wa pekee.

Tena kuna mambo madogo ambayo aliyeandika pendekezo hayaoni kwa kuwa amelikaribia mno. Idara ya biashara inaleta kozi ya waongoza watalii, ndani yake mna historia ya mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ghorofa ya juu, idara ya historia inafundisha somo lilo hilo kwa jina jingine. Bila mtu wa tatu kusoma makaratasi yote mawili, mwanafunzi angelipia somo moja mara mbili.

Wanaolalamika husema kamati zinachelewesha. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza Mei 2021, na vyuo, wanasema, bado vinajadili fomu. Hoja hii hainishiki sana. Kozi iliyoandikwa mbio mbio kwa ajili ya mradi mmoja huzeeka pamoja na mradi huo.

Lawama nzito iko kwingine, na husikika mara chache. Iko katika hesabu ya saa. Katika vyuo vikuu vyetu saa moja ya mhadhara huhesabiwa moja, lakini za vitendo huhitajika tatu ili zihesabiwe moja. Kwa mwanafunzi wa kemia hesabu hiyo ina maana, kwani maabara hufuatia mhadhara na kuuthibitisha. Kwenye tezo, chombo cha fundi cha kuchongea mbao, hakuna mhadhara uliotangulia. Kujua kwenyewe kumo katika mkono. Somo la saa 45, likiwa lote la vitendo, linadai saa 135 za ratiba. Hakuna mkuu wa idara atakayezipata. Basi anafanya nini? Anaandika upya. Uundaji wa vyombo unageuka kuwa "nadharia na historia ya uundaji wa vyombo", saa zinaingia vizuri, mwenye shahada ya uzamili anapatikana, vitabu vinaorodheshwa. Kamati inapitisha kwa furaha. Nimewahi kuinua mkono kupitisha kozi iliyogeuzwa hivyo, katika fani nyingine, na hakuna aliyeuliza ilianza ikiwa nini.

Kukataa kozi kunaonekana na kunaweza kulalamikiwa. Kozi iliyojifunza kuipendeza fomu hailalamikiwi na mtu.

Kuna watakaosema basi tuiache karatasi, turudi kwenye ijaza, jinsi elimu ya dini ilivyopokezanwa Lamu: mwanafunzi husoma mbele ya sheikh, sheikh akiridhika humruhusu afundishe. Huo nao ni ukaguzi, na mkali kuliko wetu, ila unamkagua mtu, hauikagui orodha ya mada. Naupenda, lakini naukumbuka mtepe. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba bila misumari kilijulikana pwani hii yote, nao ujuzi wake ulipokezanwa mkono kwa mkono. Leo anayetaka kuuelewa hutegemea vielelezo vidogo vya makumbusho na maelezo ya wageni waliouona. Laiti mtu angeijaza fomu ya kuudhi kuhusu mtepe.

Njia ya kati ipo. Fundi afundishe vitendo, mhadhiri abebe dhamana ya kumbukumbu na alama. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao Kenya imeanza kuutumia kwa mafundi, unaweza kumpa cheti kinachoulizwa. Nina shaka nao kidogo: atakayempima fundi wa Matondoni ni nani, kama si fundi mwingine wa Matondoni? Na mtihani wenyewe ungekuwa kukishusha chombo majini siku ya bamvu, maji yanapojaa kupita kawaida, siku ambayo ofisi ya mitihani haiwezi kuisogeza.

Pendekezo kama hilo likiletwa mezani, saa zake 135 zikiwa zimeandikwa bila kufichwa, nitalipigia kura. Ila kwanza nitalirudisha idarani mara moja, maana najua watakuwa wamesahau kuandika nani atalipia mbao.