Rimu hainunuliwi kwa macho

Kwa wiki tatu hivi nilikuwa na Toyota Altezza nzuri kuliko zote mtaani kwetu. Imesimama nje ya geti, rimu nyeusi za inchi 18 zimejaa kwenye fenda mpaka kidole hakipiti, na watoto wanaotoka madrasa wanasimama kuitazama. Kisha Jumamosi moja nikapakia watu wanne nyuma na mbele, tukaelekea Morogoro msibani. Tuta la kwanza baada ya Kibaha likatoa sauti kama ya mtu anayechana turubai.

Kila tuta, sauti ile ile. Mama mdogo aliyekaa nyuma akasema, "Mwanangu, gari yako inalia." Nikamjibu ni barabara. Tulipofika Chalinze nikashuka na kuinama: bega la tairi la nyuma limechongwa kama muwa, na ukingo wa ndani wa fenda umekwanguliwa rangi ukabaki bati tupu. Kutoka hapo nilivuka matuta kwa mwendo wa bibi harusi, malori yakinipigia honi nyuma. Msibani tulifika watu wameshazika.

Nimeweka tukio hili mbele ili nisionekane mjuaji. Ninayoyaandika hapa nimeyalipia.

Kosa langu lilikuwa moja tu, na ndilo kosa la karibu kila mtu mwenye gari ya aina yangu: nilichagua rimu kwanza. Nilipita dukani Kariakoo, nikaipenda, nikauliza "Hii inakaa kwenye Altezza?" Muuzaji akanijibu, "Inakaa bosi, nati tano hizo." Hakudanganya. Ilikaa. Lakini kukaa ni jambo moja na kuenea ni lingine, kama shati la mdogo wako linavyoweza kukuingia kichwani na bado lisikufae.

Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Altezza RS200 ilitoka kiwandani na rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7 na ofseti ya 50, tairi 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu, pale rimu inapofungwa kwenye gari. Namba ikiwa kubwa, tairi linaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, linatoka nje kuelekea fenda. Rimu zangu mpya zilikuwa na upana wa inchi 8.5 na ofseti 35. Inchi moja na nusu ya ziada ni milimita 38, ukiigawa pande mbili ni 19 kila upande. Ofseti imepungua kwa 15, na hizo 15 zote zinasogea nje. Jumla, mdomo wa rimu umetoka nje milimita 34 kuliko ile ya kiwandani. Ndani umeingia 4 tu. Zaidi ya sentimita tatu! Gari ikiwa tupu huoni shida. Pakia watu, springi zishuke, halafu tafuta tuta.

Hesabu hiyo ingenichukua dakika mbili kwenye kalamu na boksi la sigara la fundi. Sikuifanya kwa sababu rimu ilikuwa inang'aa.

Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia asahau rimu kwanza, aanze na tairi. Wapenda magari hawapendi kusikia hili, kwa sababu tairi ni jeusi tu na halipigwi picha. Lakini tairi ndilo linalogusa barabara, ndilo linaloisha, na ndilo utakalolitafuta usiku mahali usipopajua. Ukishajua tairi gani linakufaa na linapatikana, rimu inajileta yenyewe.

Kinacholindwa ni kimo cha tairi zima. La 215/45R17 lina kimo cha milimita 625 hivi. La 225/40R18 linafika 637, tofauti ya asilimia 2 kasoro. Spidomita itadanganya kidogo na gari haitalalamika. Ukienda inchi 19 kwa 225/35 unapata 640, bado si mbaya kwenye karatasi. Ila tazama ubavu. Ule wa kiwandani una milimita 97 za mpira kati ya rimu na lami. Wa inchi 18 una 90. Wa inchi 19 una 79. Hizo milimita 18 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikipokea shimo badala ya rimu. Barabara ya Ujerumani haizihitaji. Njia yangu ya kwenda nyumbani, yenye shimo lililo na umri wa kuanza darasa la kwanza, inazihitaji zote.

Wengine watanijibu kwamba ubavu mfupi unafanya gari ishike kona. Kweli, usukani unajibu haraka zaidi, nimeuhisi. Ila swali langu ni kona ipi? Kati ya Dar na Morogoro kuna vijiji vingi vya kilomita 50 kwa saa na trafiki nyuma ya mwembe. Tairi lenye herufi W mwishoni mwa namba zake za ubavuni limejengwa kuhimili kilomita 270 kwa saa; H ni 210. Kinachonihusu zaidi ni ile namba iliyo kabla ya herufi. 87 maana yake tairi moja hubeba kilo 545, na 91 hubeba 615. Abiria wanne na magunia mawili ya mchele wa Kilombero hawaulizi herufi.

Na soma tarehe. Ubavuni, mwisho wa mfululizo unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Nimewahi kuonyeshwa tairi "jipya" lenye vinyweleo vyake vyote, na lilikuwa na miaka tisa. Mpira huzeeka hata ukilala stoo.

Sasa nije kwenye nati, maana hapa nina hasira.

Ile "nati tano" ya muuzaji haisemi chochote. Matundu matano ya Altezza yamepangwa kwenye duara la milimita 114.3, ambayo ni inchi 4 na nusu. Impreza nyingi za zamani zina matundu matano pia, lakini duara lao ni 100. Kwa macho huwezi kutofautisha. Na kuna mafundi hapa mjini ambao rimu isipoingia wanachukua mashine na kuyapanua matundu mpaka iingie. Jamani. Nati ina kazi ya kubana rimu pale ilipoviringwa kuikalia, na ukishapekecha tundu hilo umeondoa makalio yake. Rimu iliyopekechwa sipandi, hata iwe ya mjomba.

Nati zenyewe nazo zina mtego. Toyota nyingi zenye rimu ya alloy ya kiwandani hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za kununua, nyingi, zimekatwa kwa nati yenye kichwa cha koni. Fundi aliyenifungia alirudisha nati zangu za zamani. Washa bapa juu ya tundu la koni, zikagusa ukingo tu. Nilizikuta zimelegea siku ya nne, mbili kwa mkono. Nati za koni ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache, na uzi wake uwe sahihi, unene kwa nafasi kati ya uzi na uzi, kwa milimita: Toyota ni 12 kwa 1.5, Subaru ni 12 kwa 1.25. Ukilazimisha, unavunja stadi, ile bolti ya kwenye habu. Kukaza nako si mashindano ya kifua. Altezza inataka nyutonimita 103, na gereji yenye spana ya kupima nguvu hiyo ni gereji ya kurudi tena, hata kama utasubiri foleni.

Halafu kuna mtetemo. Rimu zangu zilianza kutetema kwenye 90. Nikabalansi mara mbili, nikafanya alaimenti, nikaambiwa shokapu, nikaambiwa bushi, nikakaribia kuambiwa nimerogwa. Mwisho mzee mmoja wa Ilala akavua tairi, akachungulia tundu la katikati, akacheka. Habu ya Altezza ina milimita 60.1. Rimu za kununua hutobolewa tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziuzwe kwa magari mengi, na pengo hilo huzibwa kwa ringi ya plastiki au aluminiamu. Zangu hazikuwa na ringi, kwa hiyo rimu ilikuwa inaning'inia kwenye nati bila kukaa katikati. Ringi nne, mtetemo ukaisha njiani kabla sijafika nyumbani.

Kuhusu rimu za bandia sitasema mengi. Zile TE37 za mikono sita za kampuni ya Rays ya Japani, ambazo nakala zake mnaziona kila kona, zilitoka mwaka 1996, na jina lake linatokana na rimu ya inchi 15 kwa 6 kuwa na uzito wa kilo 3.7. Wepesi ndiyo maana yake yote. Nakala yenye sura ileile na uzito wa sufuria la pilau la arusi ni utani, hasa kwenye gari yenye injini ya lita 2 isiyo na tabo kama yangu, ambayo hata siku njema inabembelezwa ipande mizunguko ndipo itoe nguvu zake 210. Kila kilo unayoongeza kwenye gurudumu injini inaizungusha na breki inaisimamisha. Geuza rimu utafute alama ya JWL, ile ya kiwango cha Japani cha rimu za alloy, kisha uikague mdomo wa ndani kama imewahi kuchomelewa. Rimu iliyochomelewa hupakwa rangi vizuri kuliko nzima.

Nilichofanya mwishowe kiliwachekesha marafiki zangu. Nilishuka. Nilipata rimu za kutoka Japani za inchi 16, upana 7, ofseti 45, nikazivalisha 205/55R16. Kimo ni milimita 632, karibu kabisa na cha kiwandani. Ubavu ni 113. Mdomo umetoka nje milimita 5 tu. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji tuifunge rimu tupu mbele na tuizungushe kwa mkono, tuone kama inaipita kalipa ya breki. Ilipita kwa nafasi ya kidole kimoja. Alikereka, lakini alikuwa na rimu za kuuza. Nanyi msione aibu kufanya hivyo, maana rimu ikishavalishwa tairi hairudishwi.

Tena 205/55R16 nimeikuta mikoani mahali ambapo 215/45R17 walinitazama kama nimeagiza samaki wa barafu. Hilo pekee kwangu linatosha. Gari imepoteza sura kidogo, sikatai. Wananiita mzee. Nyuma ya fenda kuna pengo ambalo mwanzo lilikuwa linaniuma kila nikifunga mlango.

Zile za 18 bado ziko chini ya kitanda, zimefunikwa kanga, na mke wangu ameshauliza mara tatu zinaondoka lini. Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia, ana Altezza kama yangu, ameona picha, anazitaka leo hii na hela anayo. Nikamwambia aje na gari na abiria wanne, tuzifunge, twende hadi tuta la kwanza turudi. Akasema atanipigia.

Hajapiga.