Edzino: mke aliyemzaa mumewe

Katika Kiesperanto, lugha ya kubuni iliyokusudiwa mataifa yote, mume ni edzo, mke ni edzino. Anayejifunza leo huambiwa achukue mume, apachike -in- ya kike, apate mke. Kihistoria ilikuwa kinyume: mke ndiye aliyetangulia, na mume akapatikana kwa kumvua mke kiambishi chake. Ubishi uliopo ni kuhusu mke huyo alikotoka.

Zamenhof, aliyeitoa lugha hiyo Warsaw mwaka 1887, alielekeza kidole kwa Kijerumani: Kronprinzessin, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme. Mwondoe mrithi, Kronprinz, mkia unaobaki, -essin, ni mke. (Ni ukataji uleule uliotupa sisi vitabu kutoka kitabu cha Waarabu, ambamo ki- haikuwa kiambishi hata kidogo.) Neno la mtunzi mwenyewe ni ushahidi mzito.

Wapo wanaotaja rebetsin, yaani mke wa rabi kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nao huonekana wanatafuta ukoo tu. Lakini hebu tusikilize sauti. Toa reb, inabaki -etsin. Kutoka ts kwenda dz ni suala la kutetemesha koo, basi. Ss ya Kijerumani iko mbali zaidi. Kwa nini basi Zamenhof asiiache ts ilivyo? Naona ni kwa sababu sauti hiyo, inayoandikwa c, ilikuwa na kazi tayari: bela ni -zuri, beleco ni uzuri. Ecino ingesikika kama sifa fulani ya kike. Esino isingegongana na kiambishi chochote, kwa hiyo aliyeanzia kwenye Kijerumani hakuwa na sababu ya kuikimbia s.

Na Kiyidishi alikisikia tangu utotoni katika mji wa Białystok. Ujanani alikiandikia sarufi. Kukitaja hadharani ndiko kulikokuwa na gharama. Kongamano la Waesperanto la Boulogne la 1905 lilifanyika Ufaransa ambayo kesi ya Dreyfus, afisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini, ilikuwa bado haijaisha, na wenyeji walijitahidi Uyahudi wa Zamenhof usitajwe. Javal, daktari wa macho na Myahudi mwenzake, alihesabu makala 700 za magazeti: moja tu ndiyo iliyoutaja. Moja!

Simwiti mwongo. Huenda alimtaja Kronprinzessin kwa moyo safi, ila sikio lililojua pa kumkatia lilikuwa limeshazoea rebetsin.