Ada ikifutwa, gharama nyingine hubaki
Mwandishi wa makala kuhusu kusoma chuo kikuu nchini Ujerumani ameeleza vyema kwamba vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo, lakini amepita haraka mno juu ya fedha ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzionyesha kabla ya kupewa viza. Anayejigharamia kwa kawaida hufungua akaunti maalumu ya benki, ambayo tangu Septemba 2024 hutakiwa kuwa na yuro 11,904 za mwaka mzima, naye huruhusiwa kutoa yuro 992 tu kila mwezi. Kwa familia nyingi (na hapa ndipo makala ilipaswa kutua) kigingi ni kuzipata fedha hizo zote kwa mkupuo. Isitoshe, jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula.